Kadi Ishirini na Kigari Kimoja

Siku kampuni ya bima ilipoamua kutupa kompyuta zake za zamani, wapita njia waliona takataka. Asali aliona mtaji.

Alikuwa amepita pale kwa shughuli nyingine kabisa, shughuli ya kumkwepa mtu, akawakuta wapagazi wanarundika masanduku ya chuma kando ya ukuta. Akachutama, akafungua moja kwa ncha ya ufunguo wa gari, akachungulia. Ndani, chini ya vumbi la miaka kumi, kulikuwa na kadi ya picha.

Kwa wasioijua, kadi ya picha ni kile kipande cha ndani ya kompyuta kinachochora kila unachokiona kwenye skrini. Zile mpya, ambazo wapenda gemu huziota, zina feni tatu na taa za rangi, ni nzito kama tofali, na bei yake humfanya mzazi ashike kifua. Hii ya bima ilikuwa na feni moja ndogo kama kifuniko cha soda, na kazi ngumu kuliko zote iliyowahi kufanya ni kuchora orodha ya marehemu.

"Hizi zinakwenda wapi?" Asali akamuuliza mpagazi mkubwa.

"Chuma chakavu."

"Kwa kilo?"

"Kwa kilo."

"Basi umeshafika, ndugu yangu. Chuma chakavu ndiyo mimi."

Akaenda kuleta kigari chake. Kilikuwa kigari cha mizigo, cha bluu, mlango wa kushoto umefungwa kwa waya, na ndicho kitu pekee maishani mwake alichowahi kukinunua kwa bei halali. Uchungu wa siku ile haujamtoka mpaka leo. Labda ndiyo sababu alikipenda hivyo.

Jina la Asali alipewa na watu waliokwisha kuuziwa. Aliwahi kuuza manukato ambayo yalikuwa maji yenye ndoto, akauza tiketi za bahati nasibu ya friji ambalo mshindi wake hakujulikana kamwe, na mara moja, kwa muda wa wiki mbili zenye baraka, alikuwa mtaalamu wa kufukuza mchwa kwa simu. Hakupenda kuitwa mwizi. Mwizi huchukua kitu bila kukuambia neno, naye Asali hakuwahi kumchukulia mtu kitu kabla ya kuzungumza naye angalau nusu saa.

Kadi zile alizichomoa moja moja, akazisugua kwa mswaki. Akanunua maganda ya plastiki yenye feni tatu kutoka kwa fundi aliyekuwa anayauza kama mapambo, akayagundisha juu, akatia taa. Ndani ya kila ganda akaweka kipande cha bati la kuezekea kwa ajili ya uzito, maana mteja hupima ukweli kwa kiganja. Kisha akapanga meza penye kona ya soko la vifaa vya umeme, akawasha kompyuta, na kwenye skrini akatokea komando mwenye buti za njano.

Hapo ndipo ilipokuwa akili yake yote. Gemu za leo zingeikamua kadi ya bima mpaka ilie. Lakini ile ya Komando Buti, aliyekuwa anawafukuza majambazi waliovamia bwawa la maji, ilitengenezwa zaidi ya miaka ishirini iliyopita, wakati kompyuta nzima ilikuwa na nguvu za kikokotoo. Gemu ya zamani haina makuu. Hata kadi ya orodha ya marehemu iliikimbiza kwa picha mia mbili kwa sekunde, na hesabu hiyo Asali aliionyesha kwenye kona ya skrini kwa tarakimu za kijani, kubwa, mithili ya mizani ya duka la nyama.

"Hiyo mia mbili ni nini?" kinyozi mmoja aliuliza siku ya kwanza.

"Fremu kwa sekunde, kaka. Picha. Sinema unayoiangalia wewe ina ngapi?"

"Ngapi?"

"Ishirini na nne. Na unalipa kiingilio."

Kinyozi akatazama mia mbili, akatazama ishirini na nne kichwani mwake, akahisi sinema zimemwonea maisha yote.

"Mbona bei yako nusu ya dukani?"

Asali akatazama kushoto, akatazama kulia, akainama. "Kaka, kuna maswali mazuri na kuna bei nzuri. Chagua moja."

Kinyozi alichagua bei. Wote walichagua bei. Kwa wiki nzima Asali aliuza, naye alikuwa anafikiria kuhamia mji mwingine kabla ya wateja kufika nyumbani na kujaribu gemu za mwaka huu, ndipo akatokea mtu mwenye shati lililopigwa pasi na funguo nyingi kiunoni. Aliikodolea macho skrini muda mrefu.

"Unazo ishirini?"

Asali hakupepesa macho, ingawa moyo ulimruka sarakasi. "Ishirini za nini, mkubwa?"

"Nina ukumbi wa gemu. Watu huniita Meneja. Jumamosi nina mashindano ya gemu za zamani. Vijana wamenikimbia, wanacheza kwenye simu zao bure, lakini baba zao na shangazi zao wanataka kucheza zile zilizowafanya watoroke shule. Wamejiandikisha mia moja na kitu. Yakiharibika, mwenye nyumba anafungua duka la vigae pale." Akashusha sauti. "Nataka kadi ishirini kama hizi. Ila mimi mambo ya kompyuta siyajui. Mpaka mama mkwe wangu azione."

"Mama mkwe?" Asali akatabasamu kwa upole wa mtu aliyeona mlango wazi. "Mzazi lazima aheshimiwe. Kesho asubuhi nipo."

Ukumbi wenyewe zamani ulikuwa duka la samani. Kulikuwa na meza ishirini, kompyuta ishirini zenye vifuniko wazi kama wagonjwa wanaosubiri daktari, viti vinavyotoa sponji, na ukutani bango kubwa: MASHINDANO YA GEMU ZA ZAMANI. WALIOZALIWA JUZI HAWARUHUSIWI. Karibu na dirisha aliketi mama mnene wa miaka sitini na kitu, mguu mmoja juu ya kigoda, bisibisi imechomekwa kwenye kilemba. Watu wote humo walimwita Mwalimu. Alifundisha hesabu miaka thelathini, akastaafu, akafanyiwa upasuaji wa goti, na kwa kuwa aliamriwa akae kitako miezi sita, alimaliza gemu zote za mkwewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leta tuone."

Akaichomeka kadi mwenyewe. Komando Buti akatokea. Mwalimu akampitisha kwenye lango la bwawa, akapiga majambazi sita bila kubadilisha uso, akatazama tarakimu za kijani.

"Mia mbili na kumi. Inakwenda vizuri mno."

Meneja akafurahi kama mtoto.

"Mkwe wangu," Mwalimu akasema, "mgeni amekauka koo. Tuletee soda. Usiende duka la hapa, soda zao moto. Nenda la kule juu."

Meneja, ambaye kama wakwe wote wenye adabu hakuweza kumbishia mama mkwe hata angemtuma kuleta mwezi, akaondoka mbio. Mwalimu akazima kompyuta, akaichomoa kadi, akatoa bisibisi kilembani. Skrubu mbili tu. Ganda likatoka, kipande cha bati kikaanguka sakafuni kwa mlio ambao Asali aliusikia mpaka kwenye magego.

"Bati," Mwalimu akasema. "La kuezekea?"

"La kuezekea, mama."

"Zuri. Kwangu linavuja." Akaigeuza kadi. "Na stika ya kampuni ya bima umeisahau hapa chini. Wanafunzi wa kunakili mitihani walikuwa hivyo hivyo, wananakili mpaka jina la mwenzao."

Asali akapima hatua za kufika mlangoni. Zilikuwa kumi na moja.

"Kaa, mwanangu. Ningetaka kupiga kelele ningeshapiga. Nilikuwa natuliza darasa la watu themanini. Sikiliza."

Akamwongoza, akichechemea, hadi stoo. Kwenye rafu kulikuwa na maboksi ishirini, yamepangwa vizuri, yenye nembo zinazong'aa. Asali aliyajua maboksi yale kwa kuyatamani tu kwenye vioo vya maduka. Akafungua moja. Kadi mpya, feni tatu za kweli, nzito bila msaada wa bati.

"Mkwe wangu alizinunua mwaka jana kwa sifa," Mwalimu akasema. "Akaweka gemu ya Buti. Unajua kilichotokea?"

Asali alijua, maana katika kazi yake ilimlazimu kujua kidogo ya kila kitu.

"Waliotengeneza gemu ile walihesabu muda kwa picha. Picha moja, hatua moja. Hawakuota kwamba siku moja itakuja mashine ya kuchora picha elfu tatu kwa sekunde. Buti akapiga hatua ya kwanza, akapita ukutani. Akaruka, hakushuka. Lifti ikamgonga kabla hajaiita. Wateja wakadai fedha zao. Mkwe wangu anasema kadi ni mbovu, nizitupe nikipata nyingine."

"Lakini dawa yake si ku..." Asali akajiuma ulimi.

"Kuweka kikomo cha fremu. Mstari mmoja wa maandishi. Najua, na wewe unajua. Yeye hajui, na mimi nimestaafu kufundisha." Mwalimu akamkazia macho. "Niachie zako ishirini, ambazo gemu za zamani zinazipenda. Chukua hizi."

Asali alitafuta mtego. Mtu akimpa Asali kitu bure, ngozi ya kisogo humsisimka.

"Na wewe, mama, unapata nini?"

"Goti langu bovu. Kigari chako nimekiona hapo nje."

"Kigari?"

"Kifuta jasho. Mkwe asijue. Nikipata usafiri wangu, nitakuwa naenda kumwona dada yangu bila kumpigia mtu magoti, maana magoti yenyewe sina."

Na hapo wasiwasi wote ukamtoka Asali. Watu waaminifu walimtisha tangu utotoni, hujui wataamka na lipi. Ila mtu anayeomba chake chini ya meza, tena dhidi ya mkwewe, huyo alikuwa ndugu wa damu. Akapiga hesabu ya haraka: kadi hizi ishirini zingemnunulia vigari vitano, na mlango wa kushoto wa kila kimoja ungefunga.

Hata hivyo hakuzaliwa jana. "Nijaribu moja kwanza. Nitakayoichagua mimi."

"Ndivyo nilivyofundisha. Hakiki jibu lako."

Asali akapuuza za mbele, akapuuza za juu, akachomoa boksi la tatu kutoka chini. Wakarudi mezani. Mwalimu ndiyo kwanza ameiinua kadi mkononi, mlango wa mbele ukatikiswa.

"Mama! Nani kafunga mlango? Huyo muuzaji bado yupo? Nimesikia sokoni ni tapeli!"

"Kabatini," Mwalimu akanong'ona. "Upesi! Akikukuta na boksi hilo, mimi na wewe tumekwisha."

Asali akajitupa ndani ya kabati la mafagio. Humo alikaa amekumbatia ndoo, unyoya wa fagio puani, akisikiliza Meneja anavyolalamika kwa sauti kubwa na mama mkwe anavyomjibu kwa sauti ndogo. Tapeli kaondoka zamani, kaacha kadi zake zijaribiwe. Soda yenyewe umeleta moja? Rudi ukalete nyingine. Nyayo zikaondoka. Mlango ukabamizwa.

Alipotoka, utando wa buibui kwenye nyusi, kompyuta ilikuwa imeshawaka. "Cheza mwenyewe," Mwalimu akasema huku anajipepea kwa daftari.

Asali akabonyeza kitufe kimoja. Komando Buti akapasua lango, bwawa, majambazi na mlima wa nyuma, akaishia juu angani anakanyaga hewa kwa hasira. Kwenye kona, tarakimu za kijani zilisomeka elfu tatu mia moja na nne. Asali hakuwahi kuona kitu kizuri namna ile. Macho yalimlowa kidogo, akasingizia vumbi la kabatini.

Mwalimu alikuwa na karatasi tayari, kwa mwandiko wa ubaoni: kwamba aliyetia sahihi hapa chini anatoa kigari chake cha bluu na kadi ishirini za picha kwa hiari yake, baada ya kupokea kadi ishirini alizozikagua mwenyewe na kuridhika nazo. Asali akatia jina lake kamili, ambalo ilibidi alikumbuke kwanza. Akatoa ufunguo. Ndipo akagundua kwamba mzigo anao na gari hana, akakodi mkokoteni, akavuka mji mzima akiusukuma kwa nyuma na mwenye mkokoteni anavuta kwa mbele, huku anaimba.

Kesho yake aliingia studio ya video za harusi. Mwenye studio alikuwa dada mmoja mchovu, ana video za harusi tisa hazijahaririwa na mabibi harusi tisa wanapiga simu. Alihitaji kadi nne, na hakutaka hadithi.

"Weka moja, tuone."

Kadi ikawekwa. Skrini nyeusi.

"Hii ilitikisika njiani," Asali akasema. "Barabara zetu unazijua."

Ya pili ikawekwa. Nyeusi. Ya tatu nayo nyeusi, na ikatoa moshi mwembamba, wa adabu. Dada wa studio akainusa ya nne kabla ya kuiweka, kama mtu anavyonusa maziwa.

"Kaka, hizi zimeungua. Umeme umezipitia. Umenunua kwa nani?"

Asali alizijaribu zote ishirini, maana binadamu hujikatia tamaa hatua kwa hatua. Kufikia ya ishirini, dada wa studio alikuwa ameacha kukasirika, anamwonea huruma, akamletea kiti. Kiti kile kilimuuma kuliko hasara. Katika miaka yote ya kazi, hakuna aliyewahi kumletea Asali kiti cha pole.

Jumamosi akaenda ukumbini kwa miguu. Kigari cha bluu kilikuwa mlangoni, kimeoshwa, mlango wa kushoto unafunga. Ndani palijaa pomoni. Wanaume wenye vipara na wanawake wenye miwani walikuwa wanapiga kelele kama chekechea, na kwenye skrini ishirini Buti alikuwa anatembea mwendo wa kibinadamu, anaruka na kushuka. Mwalimu aliketi juu ya kiti kirefu na filimbi shingoni.

"Mama," Asali akasema akiuma meno. "Kadi zimeungua."

"Zote ishirini, mwanangu. Mwezi wa pili umeme ulikatika, ukarudi kwa hasira. Ilipona moja, ya ishirini na moja. Hiyo ndiyo uliyoichezea, niliibadilisha ulipokuwa kabatini."

"Na Meneja?"

"Anapiga kelele vizuri, eh? Nilimfundisha siku tatu kabla ya kumtuma mezani kwako. Kunipigia mimi kelele alikuwa hataki, anaona aibu, ndiyo maana alisimama nyuma ya mlango."

"Umenidanganya!"

"Neno gani nililokudanganya? Nilisema mkwe wangu alizinunua kwa sifa, alizinunua. Nilisema gemu ya zamani huruka kiwazimu juu yake, ukaiona inaruka. Na nilikuambia mkwe wangu anasema ni mbovu." Akampulizia filimbi mzee aliyekuwa anachungulia skrini ya jirani. "Hapo tu ndipo ulipotakiwa kumsikiliza."

"Nitakwenda kusema!"

"Hapana haja ya kwenda. Afande yule pale, meza ya nne, anacheza nusu fainali. Anza na habari ya bati."

Asali akamtazama afande. Afande alikuwa amemwua jambazi wa mwisho na anabusu kipanya. Asali akajikohoza. Meneja akapita, shati limepigwa pasi, akamshika bega kwa ukarimu kabisa.

"Karibu, ndugu! Meza ya kumi na moja mtu kajitoa. Kiingilio mlangoni."

Sijui kwa nini alilipa. Labda kwa sababu kurudi nyumbani kulikuwa mbali kwa miguu, labda kwa sababu tangu aanze kuiuza gemu ile hakuwahi kuicheza mpaka mwisho. Aliketi. Mpinzani wake alikuwa mshona viatu mwenye kofia, mtu mpole, aliyemsalimia kwa mikono miwili. Kengele ikalia. Buti wa Asali akafika langoni, akapigwa. Akafika tena, akapigwa. Mara ya tatu alifika bwawani kabisa, watu watatu wakaanza kumshangilia, na mshona viatu, bila chuki yoyote, akamtumbukiza majini.

Asali akasimama, amesahau alipo.

"Siyo mimi, ni hii kadi!" akapaza sauti. "Kadi za humu ni feki! Zimetolewa kwenye kompyuta za bima, zimegundishwa maganda, ndani kuna bati! Naapa! Mimi mwenyewe ndiye niliyezigundisha!"

Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi alikuwa amesema ukweli mtupu, mbele ya watu mia moja na askari mmoja. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Afande alicheka mpaka akavua kofia.

Mshona viatu akampa mkono. "Usijali, kaka. Kila anayefungwa husingizia kadi."